Mtoto anataka samaki wa bahari? Anza na mawe na mabomba

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza na ujumbe wa mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa. Anaandika kwamba mwanawe wa miaka tisa ameona kwenye simu samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mieupe, yule wa katuni ya Finding Nemo. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mtoto anataka tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya chumvi, mawe na samaki wale. Baba anasema huo ni mchezo wa matajiri. Mama anauliza: "Je, huku kwetu inawezekana, au nimwambie asahau?"

Nilipousoma ujumbe huo nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilicheka kwa sababu nyumbani kwangu Kayanga tulipita njia hiyo hiyo mwaka jana. Nilinyamaza kwa sababu tangi hilo lilinifanya nimwadhibu binti yangu kwa kosa lililokuwa langu. Nitalisimulia, maana lina somo la bomba na la malezi pia. Kwanza tujibu swali la mama.

Chumvi ya jikoni haitoshi

Inawezekana kuweka maji ya bahari ndani ya nyumba iliyo mlimani. Watu wa Ulaya na Marekani wanaoishi mbali kabisa na bahari wanafanya hivyo kila siku. Lakini tufanye hesabu kabla ya kumwahidi mtoto.

Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 200 linahitaji kilo 7 za chumvi siku ya kwanza. Kila unapobadilisha lita 20 za maji, unaongeza gramu 700 nyingine.

Wala si chumvi yoyote. Ya dukani, hata ile ya Uvinza, karibu yote ni chumvi ya chakula tu. Maji ya bahari yana pia magnesi, kalisi na madini mengine ambayo viumbe wa baharini hawawezi kuishi bila hayo. Chumvi maalumu ya matangi hutengenezwa viwandani, huagizwa mbali, na mpaka ifike Kyerwa bei yake imepanda kama nauli ya sikukuu.

Kuna pia suala la mawe. Kwenye tangi la bahari, mawe si pambo. Ni mawe ya chokaa yenye vitundu vingi, na ndani ya vitundu hivyo huishi bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Wengi hutaka vipande vya matumbawe. Tafadhali usimtume shemeji aliye Tanga au Zanzibar akubebee. Matumbawe yanalindwa, nayo hukua polepole mno: yale manene kama jabali huongezeka milimita chache mpaka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kipande cha kukaa juu ya meza kinaweza kuwa na umri wa bibi yako. Mtoto akitaka kuyaona, mweleze habari za Chumbe, kisiwa cha Zanzibar ambacho miamba yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994.

Mwisho, kuna baridi. Samaki wa miamba ya bahari yetu wamezoea maji ya nyuzi joto kama 25 na zaidi. Wewe na mimi tunajua usiku wa Juni na Julai huku kwetu ulivyo. Kipasha maji cha wati 200 kikiwaka saa 10 kwa usiku mmoja, kimekula uniti 2 za umeme.

Kwa hiyo, mama wa Nkwenda, baba hakukosea sana. Ila kuna mlango mwingine.

Samaki wa mawe tunao wenyewe

Ziwa Victoria lina samaki wadogo tunaowaita furu. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kisha akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, furu wengi walitoweka. Walionusurika zaidi ni wale wanaoishi katikati ya mawe, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kupenya kwenye nyufa. Wavuvi wa upande wa Mwanza huwaita mbipi.

Mmoja wao jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, amepewa jina la Mwalimu Nyerere, mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na wazungu wanamfuga sebuleni kwao kama sisi tunavyofuga kuku. Nilipomwambia binti yangu hivyo, Nemo alisahaulika siku hiyo hiyo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba tangi la furu wa miambani hujengwa karibu sawa na tangi la bahari: mawe mengi, mapango, maji yanayozunguka kwa pampu. Tofauti ni chumvi na gharama. Ukijifunza kwa furu, siku ukipata uwezo wa chumvi utakuwa umeshalipa ada ya shule.

Mawe: yapi tuokote, yapi tuyaache

Huku kwetu mawe si shida. Shida ni kuchagua.

Mawe magumu, meupe au ya kijivu, yanayong'aa kama sukari ukiyavunja, yanafaa. Vilima vyetu vimejaa mawe hayo. Hayamumunyuki na hayabadilishi maji.

Yaache mawe mekundu ya moramu. Yanameguka na kuchafua maji. Yaache pia mawe yaliyotoka kwenye mashimo ya stani huko Kyerwa, na jiwe lolote lenye michirizi ya kutu au lenye kung'aa kama chuma. Huwezi kujua ni madini gani yatatoka taratibu kuingia kwenye maji ya samaki.

La tatu ni la kwetu hasa, sisi watu wa kahawa. Usichukue mawe kwenye shamba lililopigwa dawa ya mrututu. Mrututu ni shaba, na shaba kidogo tu majini inaumiza samaki. Kwa konokono, kamba na viumbe wa matumbawe ni sumu kali zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, ndoo iliyochanganyia dawa ya kahawa isiguse kabisa maji ya tangi, hata ukiisuguaje.

Kuna jaribio ambalo mtoto atalipenda. Kausha jiwe, kisha dondoshea siki au maji ya ndimu. Likitoa mapovu, lina chokaa. Jiwe la chokaa linafaa sana kwa tangi la bahari. Kwa furu, moja au mawili hayadhuru, hasa kama unatumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, kwani maji ya mvua hayana madini na hubadilika kuwa machachu kwa urahisi. Yakizidi, maji yatakuwa magumu mno.

Sugua mawe kwa brashi na maji matupu. Sabuni hapana. Yamwagie maji ya moto, yaache yapoe, rudia. Usiyachemshe sufuriani wala kuyaweka motoni: jiwe lenye maji yaliyonaswa ndani linaweza kupasuka na kumjeruhi mtoto usoni.

Kupanga ni kama kujenga msingi

Hapa ndipo wengi huvunja kioo. Mtu humwaga mchanga kwanza, kisha huweka mawe juu ya mchanga kwa kuwa inapendeza. Furu ni wachimbaji. Watachimba chini ya jiwe, na jiwe la kilo kumi litaegemea kioo au kuanguka.

Mawe makubwa yakae moja kwa moja chini, juu ya karatasi nyembamba ya plastiki ngumu au sponji ya kufungashia vyombo, ili ncha ya jiwe isikandamize kioo sehemu moja. Mchanga huja baadaye, kuzunguka mawe. Kila jiwe la juu likae kwa pointi tatu. Lisukume kwa kidole. Likitikisika, lishushe ulipange upya. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya mawe na kioo, ili uweze kupitisha kitambaa cha kusafishia na maji yaweze kuzunguka nyuma.

Acha mapango mengi yenye milango miwili. Madume wa furu hugombea makazi kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Aliyeshindwa lazima awe na njia ya kutokea.

Tulipanga mawe yetu barazani, juu ya gunia, kabla ya kuyaingiza ndani. Binti yangu alichora mpangilio kwenye daftari na kuyapa mawe namba kwa chaki. Mimi niliona anapoteza muda. Siku ya kuyaingiza, yeye alikuwa anasoma namba na mimi nabeba. Tulimaliza kabla chai haijapoa.

Na uzito? Tangi letu lina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kina 45. Likijaa karibu na ukingo ni lita 200, yaani kilo 200. Ongeza mawe ya kilo 40. Mawe yakiingia, yanasukuma nje maji ya kama lita 15, lakini bado ukijumlisha na kioo unakaribia kilo 270. Hayo ni karibu magunia matatu ya mahindi juu ya meza moja, mwaka mzima. Kabati la televisheni halitakiwi hapo. Tafuta meza ya mbao ngumu au ya chuma, kwenye sakafu ya saruji, na iwe sawa kwa pima-maji. Kama kuna mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika vitu, ifunge ukutani.

Mabomba: maji yashuke, maji yapande

Mfumo wenyewe ni rahisi. Kuna tangi la juu la samaki, na tangi la chini lililofichwa ndani ya meza. Maji yakifika kimo fulani juu, humwagikia kwenye bomba la kushuka. Chini hupita kwenye sponji na changarawe, ambako uchafu unachujwa na bakteria wanaishi. Kisha pampu huyapandisha kwa bomba la kurudisha. Ni mzunguko, kama damu.

Tundu la bomba la kushuka litobolewe juu, karibu na ukingo, kamwe si chini. Likivuja, utapoteza maji machache tu. Mwambie fundi aluminiamu atoboe kabla ya kuunganisha vioo, na ahakikishe si kioo kilichoimarishwa kwa joto, maana hicho hakitoboki. Hupasuka vipande vipande. Silikoni yake iwe isiyo na dawa ya ukungu. Zile nyingi za madirishani zina dawa hiyo na huua samaki.

Kwenye tundu weka kiungo cha bomba kama kile cha kwenye simtanki, chenye mpira na nati. Bomba la kushuka liwe nene kuliko la kurudisha. Letu la kushuka ni inchi moja na nusu, la kurudisha robo tatu. Sababu ni kwamba pampu isipandishe kwa kasi kuliko maji yanavyoweza kushuka. Mdomoni mwa bomba la kushuka weka wavu, samaki wasishuke nalo. Ukiweza, ongeza tundu la pili juu kidogo ya la kwanza, la akiba. Siku jani au konokono akiziba la kwanza, la pili litaokoa zulia.

Tumia mabomba ya plastiki. Ya chuma na viungo vya shaba viache, na kwa maji ya chumvi viache kabisa. Karibu na pampu weka yunioni na koki pande zote, ili siku ya kuisafisha uifungue kwa mkono badala ya kukata bomba kwa msumeno. Gundi ya bomba ikauke saa 24 kabla ya kuweka maji.

Yote hayo niliyafanya vizuri, isipokuwa jambo moja.

Usiku ambao umeme ulikatika

Bomba langu la kurudisha nilikuwa nimelishusha ndani ya tangi la juu mpaka sentimita 18 chini ya uso wa maji. Nilitaka maji yasukume uchafu nyuma ya mawe. Nilijiona fundi.

Tulikuwa wiki ya tatu. Ndani kulikuwa na maji na mawe tu, samaki bado. Jioni moja binti yangu alitoa maji kidogo kwa koki ya pembeni ya tangi la chini, kama nilivyomfundisha. Asubuhi mke wangu aliamka kwanza. Nilisikia sauti yake: "Hii ni sebule au mto Kagera?" Zulia lilikuwa limelowa, maji yamefika chini ya makochi, daftari za shule zilizokuwa sakafuni zimevimba. Tangi la juu lilikuwa limepungua sana, la chini halina kitu, na pampu inaunguruma peke yake bila maji.

Nilimwita binti yangu. Nikamwambia ameacha koki wazi. Akasema, "Tata, niliifunga." Nikamwambia asiseme uongo. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Niliifunga." Nikamkataza kugusa tangi. Nilimwambia pia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kuhusu watoto wa siku hizi na uzembe.

Kwa siku nane hakukaribia tangi. Alikuwa akipita sebuleni anatazama upande wa ukutani. Daftari lake la michoro lilikaa juu ya kabati.

Siku ya tisa, saa moja usiku, umeme ulikatika nikiwa nimekaa pale pale. Pampu ikanyamaza. Nikategemea kimya. Badala yake nikasikia sauti ya maji, yakishuka taratibu, tena na tena. Nikawasha tochi ya simu nikainama. Tangi la chini lilikuwa linajaa mbele ya macho yangu.

Umewahi kuona mtu anavyotoa petroli kwenye pipa kwa mpira? Anavuta mara moja tu, kisha mafuta yanajiendea yenyewe mpaka ncha ya juu ikose mafuta. Bomba langu lilikuwa linafanya hivyo hivyo. Pampu ikizimika, maji ya juu hurudi chini kupitia bomba lile lile yalilopandia, na hayaachi mpaka ncha ya bomba ikutane na hewa. Na ncha yangu ilikuwa sentimita 18 chini.

Fanya hesabu nami. Urefu 120 mara upana 40, kila sentimita moja ya kina ni lita 4.8. Mara 18, ni zaidi ya lita 86. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 20 tu. Zilizobaki, lita 66, zilikuwa zinakwenda kwenye zulia. Usiku ule wa kwanza umeme ulikatika tumelala, ukarudi alfajiri, pampu ikavuta yaliyobaki chini, na hakuna aliyejua kwamba ulikatika.

Nilipochomoa ncha ya bomba kutoka majini, hewa iliingia na maji yakasimama papo hapo. Nikageuka kutafuta ndoo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Alikuwa ameona yote.

Nilimwambia, "Uliifunga ile koki. Kosa lilikuwa la bomba, na bomba nililiweka mimi. Nilikuita mwongo, na hukuwa mwongo. Nisamehe." Nilimwambia mbele ya mama yake na mdogo wake, kwa kuwa nilimgombeza mbele yao. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama sasa bomba tutalikata au tutalipandisha.

Mzazi mwenzangu, wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mzazi akiomba radhi kwa mtoto anajishusha. Mimi nilichokiona ni kinyume. Yule mtoto angeendelea kuninyamazia miaka mingi, na siku nyingine akiona maji yanamwagika asingekuja na ndoo.

Hivi ndivyo tulivyorekebisha

Moja, tulikata bomba la kurudisha, ncha yake ikae sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Sasa zinazoweza kurudi ni lita 9.6, na chache zilizomo ndani ya mabomba. Nafasi ya lita 20 inatosha na kubaki.

Mbili, tulitoboa kitundu kidogo kwenye bomba hilo, karibu kabisa na uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, kitundu kinavuta hewa na mvutano unakatika. Kitundu hicho huziba kwa ukungu wa kijani, kwa hiyo kila Jumamosi binti yangu hukisafisha kwa kijiti cha meno.

Tatu, hatukutegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Nne, tulichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi la chini: maji yasizidi hapa pampu ikiwa inafanya kazi. Anayeongeza maji hutazama mstari, hakisii.

Tano, tulizima swichi makusudi mara kumi, mchana, tukiwa tumekaa tunatazama. Hili lifanye wewe kabla hujaingiza tangi sebuleni. Lifanye barazani, kwa maji matupu. Kama litamwagika, limwagike kwenye majani.

Na umeme wenyewe: waya wa pampu ushuke chini ya soketi kwanza, kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mwombe fundi umeme akufungie kile kikata umeme kinachojizima kinapohisi umeme unavuja. Sheria ya nyumba iwe moja: hakuna mkono unaoingia majini kabla plagi haijachomolewa. Tangi liwe na mfuniko, hasa kama kuna mtoto wa kutambaa.

Kukatika kwa umeme kunaleta jambo jingine, hewa. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji ya joto moja hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na maji ya Dar es Salaam. Kwa hiyo weka samaki wachache kuliko vitabu vinavyoshauri, na nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ukiwa na sola nyumbani, hata betri yake inatosha.

Mwezi wa kutazama mawe

Mabomba yakishakaa sawa, kazi ngumu kwa mtoto inaanza: kusubiri. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoibadilisha huota polepole juu ya mawe na sponji, kwa wiki nne hadi sita, na kwenye maji ya baridi huchukua muda zaidi. Tia chembe ya chakula cha samaki kila siku ili wapate cha kula. Maji ya bomba yenye klorini yalaze siku moja au mbili kwenye ndoo wazi kabla ya kuyatumia, la sivyo utawaua hao bakteria.

Kisha waulize maafisa uvuvi wa wilaya kabla ya kusafirisha samaki hai wa ziwani. Sisi tulianza na furu sita wadogo kutoka Bukoba, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Wawili waliingia kwenye pango namba nne kabla hatujaketi.

Na tafadhali, mkichoka na samaki, msiwamwage ziwani wala mtoni, iwe Burigi, Ikimba au Kagera. Gugu maji lilikuwa ua la kupamba mabwawa, asili yake Amerika Kusini. Lilishuka na mto Kagera wetu huu mpaka Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wanalihangaikia mpaka leo. Sangara naye aliletwa na watu walioona ni jambo jema. Mpe jirani samaki, au rudi kwa afisa uvuvi.

Jibu kwa mama wa Nkwenda

Usimwambie asahau. Mwambie bahari bado, ila mawe yapo. Jumamosi hii nendeni kilimani na ndoo na kipande cha ndimu, mwokote kumi, mrudi na matano. Mpe daftari achore. Kama baada ya mwezi bado anachora, mtafute fundi wa kioo. Kama amehamia kwenye sungura, mtakuwa mmepoteza ndimu moja.

Baba naye mshirikishe kwenye mabomba. Mwombe tu kwamba siku maji yakimwagika, kabla hajamwita mtoto, azime swichi ya pampu na ainame kutazama.

Furu wetu mmoja sasa ana kidevu kilichovimba na hali chakula. Ni jike. Furu wa aina hii hubeba mayai na watoto wake mdomoni wiki mbili hadi tatu bila kula. Binti yangu anahesabu siku kwenye daftari. Leo ni ya kumi na moja, na amenikataza kuwasha taa ya tangi usiku.

Una swali la malezi au la nyumbani? Tuandikie, tutajibu kwenye ukurasa huu. Tukutane wiki ijayo.